Monita za "gamuti pana": boksi linasifia upana wa rangi, usahihi unaachiwa mnunuzi ahangaike nao

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa nimevurugwa, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa picha za harusi na sendoff, na kadi za michango humohumo. Nilijichanga nikanunua monita ya gamuti pana, yaani inayoweza kuonyesha rangi nyingi na kali kuliko za kawaida. Boksi limejaa majigambo: sRGB 100%, Adobe RGB 99% (hivyo ni vipimo vya upana wa rangi, Adobe RGB ikiwa pana zaidi), "imekalibretiwa kiwandani", yaani rangi zimeshapimwa na kurekebishwa. Muuzaji pale Kariakoo akaapa kabisa: "Bro, unachokiona humu ndicho kitakachotoka kwenye printa." Hela ikatoka.

Sasa njooni muone. Nafungua picha kwenye Photoshop, bibi harusi yuko sawa, maji ya kunde yake ileile. Nafungua faili hilohilo kwenye programu ya kawaida ya kutazama picha, nalipanga kando: amegeuka mwekundu kama kamba wa kuchemsha! Sare za kamati ambazo ni damu ya mzee zinawaka utadhani zina taa ndani. Faili moja, monita moja, rangi mbili. Mteja akikaa pembeni yangu akauliza ipi ndiyo yenyewe, namjibu nini?

Sababu inajulikana miaka mingi, ndiyo maana naumia. Picha karibu zote za mtandaoni zimeandaliwa kwa sRGB, kipimo ambacho HP na Microsoft walikitoa 1996 wakifuata vioo vya CRT, zile monita za kichogo za enzi hizo. Faili likisema nyekundu 255, yaani ya mwisho kabisa, linamaanisha nyekundu ya sRGB. Monita yenye gamuti pana haijui hilo, inatoa nyekundu yake yenyewe, ambayo ni kali zaidi. Programu inayosoma profaili ya ICC (faili linaloeleza rangi za kioo au picha) inageuza namba kwanza, rangi inakaa mahali pake. Isiyosoma inazitupa kiooni kama zilivyo, na Windows kwa miaka mingi imeiachia kila programu ijitegemee. Wenye Mac msije kuniambia "mbona kwangu iko poa", kwenu mfumo wenyewe unafanya hiyo kazi.

Najua kuna watakaosema "weka modi ya sRGB". Nimeweka! Ukiiweka, menyu yote inakuwa ya kijivu: mwangaza hushiki, nyekundu-kijani-bluu hushiki. Umefungwa juu huko, wakati kazi ya kuchapisha inataka mwangaza wa kama candela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba. Ukihariri kwenye kioo kinachochoma macho, unashusha picha mpaka ikupendeze wewe, halafu albamu inatoka giza. Na huo upana nilioulipia si ndio nimeuzima? Basi wangeniuzia ya bei rahisi.

Kuna kile kikaratasi pia, "Delta E chini ya 2". Delta E ni umbali kati ya rangi iliyotakiwa na iliyotoka, ikiwa ndogo ndiyo vizuri. Kisome hadi chini uone: ni wastani, na umepimwa kwenye modi hiyohiyo iliyofungwa. Wastani wa 1.5 unaweza kuficha bluu moja iliyokosea kwa 6, na bluu hiyo ndiyo inayonirudishia kadi za wateja.

Nikaazima kolorimeta, kifaa cha kupima rangi za kioo, ya zamani kwa jamaa yangu. Nikakalibreti, nyeupe ikatoka na uwaridi. Kumbe filta za vifaa vile hazilingani sawasawa na jicho la mtu, zinahitaji faili la marekebisho kulingana na taa ya nyuma ya kioo, na taa za monita hizi zina wekundu mwembamba ambao kifaa cha zamani hakikuandaliwa kuupima. Programu za kukalibreti, DisplayCAL na ArgyllCMS, ni bure na zinapokea faili hizo, lakini la kioo changu halipo. Mtengenezaji anaijua taa aliyoiweka humo! Angeweka faili dogo tu kwenye tovuti yake. Nimemwandikia, nikajibiwa niwashe na kuzima.

Nikarudi dukani. "Bro, rangi ni macho ya mtu." Yaani siku ya kuuza rangi ilikuwa asilimia 99, siku ya kulalamika imekuwa macho yangu.

Kwa wanaotaka kununua: mwambie muuzaji aiwashe, aweke modi ya sRGB, halafu ujaribu kushusha mwangaza mbele yake. Ikigoma, ondoka. Uliza pia kama kalibresheni inahifadhiwa ndani ya monita yenyewe, maana hapo ukiikalibreti kwa sRGB hata programu zisizosoma ICC zinapona. Wanaotumia Firefox, andikeni about:config kwenye sehemu ya anwani, gfx.color_management.mode muiweke 1, angalau picha za mtandaoni zitatulia.

Kama kuna mdau Dar anakodisha kolorimeta ya kisasa au spektrofotometa (kipimo cha rangi kilicho makini zaidi), anicheki PM. Nina albamu inasubiri na mama wa bibi harusi anapiga simu.