Sefeidi: kufifia kwa nyota kunapimaje umbali?

paa_la_Tanga
Wakuu, toka Julai naitazama Eta Aquilae, sefeidi (nyota ambayo mwanga wake hupanda na kushuka kwa mzunguko uleule) iliyo angani jirani ya nyota Altair, kwa macho tu. Kila siku 7 na ushee inang'aa, kisha inafifia taratibu. Naandika kwenye daftari, mke wangu ananicheka. Sasa nasikia nyota hizi hupima umbali wa galaksi. Hapo naachwa kabisa. Kivipi?

kandili
Mwanaastronomia Henrietta Leavitt wa Harvard, 1912. Alichunguza sefeidi 25 za Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, zote karibu umbali mmoja na sisi. Akaona inayochukua siku nyingi kung'aa na kufifia ndiyo yenye mwanga mwingi. Kwa hiyo hesabu siku, utajua ukali halisi wa taa. Kisha linganisha na unavyoiona: ikiwa mbali mara 2, mwanga unaokufikia ni robo.

mpiga_mbizi
Ongeza mwanaastronomia Edwin Hubble, 1923. Kwenye picha ya Andromeda alifuta N (nova, nyota inayolipuka mwanga ghafla) akaandika "VAR!", yaani nyota inayobadilika mwanga. Sefeidi ya siku 31 hivi, mbali mno kuwa ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yetu; kumbe Andromeda ni galaksi nyingine.

paa_la_Tanga
Duh! Na ule ubishi wa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu?

kandili
Sefeidi hutumika kujua ukali halisi wa supanova (nyota zinazolipuka), na supanova zinaonekana mbali zaidi. Jibu la njia hii: takriban kilomita 73 kwa sekunde kila megaparseki (kama miaka ya nuru milioni 3.26). Setilaiti ya Planck, kwa mwanga wa kale wa ulimwengu ulipokuwa mchanga, ilitoa 67; ubishi ni pengo hilo. Darubini ya angani ya Webb ilizikagua sefeidi upya, pengo likabaki palepale.

paa_la_Tanga
Basi daftari silitupi. Leo mawingu lakini, mxiii.