Tupeane uzoefu: wiki moja darasani, mtoto anarudi nyumbani na nini kichwani?

Mwalimu wa P3, Mukono
Walimu na wazazi wenzangu wa Uganda, tupeane uzoefu. Nafundisha P3, yaani darasa la tatu la msingi, katika shule ndogo inayofuata mtindo wa kale: sarufi kwanza, mantiki baadaye, balagha, yaani ufundi wa kusema, mwisho. Kwa watoto wa umri huu maana yake ni kukariri sana, kusimulia sana, na kuandika kwa mkono polepole na vizuri. Nataka kusikia kwenu wiki inakwendaje. Naanza mimi.

Jumatatu, baada ya paredi na wimbo wa taifa (na ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao kwa wengi wa watoto wangu ndio Kiswahili cha kwanza walichokijua kwa moyo), tunaingia kwenye miaka. Wiki hii ilikuwa: 1862 Mwingereza Speke, mpelelezi, afika Jinja, Nile inapotoka Ziwa Viktoria, 1894 Uganda yawa chini ya ulinzi wa Waingereza, 1901 reli yafika Kisumu, 1931 yafika Kampala, 1962 uhuru. Tunaiimba kwa makofi, safu kwa safu. Kufikia Jumatano hata wale wa nyuma wanaimba wamefumba macho.

Kukariri kukiishia hapo, kazi haijafika nusu. Alhamisi mtoto akanyoosha mkono: "Madamu, reli ilikaa Kisumu miaka thelathini ikifanya nini? Kwa nini haikuja kwetu?" Swali hilo lisingezaliwa kama asingekuwa na miaka hiyo miwili kichwani ya kulinganisha. Tukatandika ramani sakafuni, wakapiga magoti kuizunguka. Mmoja akaweka kidole Kisumu, akakivuta juu ya maji mpaka Port Bell, akasema, "Si kuna ziwa! Walipanda meli." Ndivyo ilivyokuwa: pamba yetu ilivushwa kwa meli hadi Kisumu, ikapakiwa kwenye mabehewa. Na reli ilipokuja hatimaye haikufuata ufuo, ilipita Tororo na kuvuka Nile kwa daraja la Jinja. Kipindi kiliisha wakakataa kwenda kucheza. Furaha niliyokuwa nayo siku ile siwezi kuieleza.

Kilatini tunakigusa dakika chache kila asubuhi. Wazazi huuliza kina faida gani. Mtoto wa Kiganda amezoea neno kubadilika mwanzoni, omuntu akiwa mmoja, abantu wakiwa wengi. Akikutana na lugha inayobadilisha mwisho wa neno, anaanza kuitazama hata ya kwao kama kitu chenye mpangilio. Kwa P3 hilo linanitosha.

Ijumaa kila mtoto anasimama mbele ya wenzake na kusema alichokishika. Haya, wenzangu, karibuni.

Mwalimu wa P4, Busia
Asante, Madamu. Mimi niko shule ya serikali, darasa langu limepita watoto mia. Na P4 ndiyo ngazi ngumu kuliko zote: tangu mtaala wa 2007, P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, halafu wakifika kwangu ndio mwaka wa kuhamia Kiingereza. Huku mpakani hata lugha ya nyumbani yenyewe ni mtihani. Benchi moja lina Msamia, Mteso, na mtoto ambaye kwao ni Kiswahili cha sokoni.

Ninachokitetea kwa nguvu zangu zote ni kipindi cha Nyuzi, yaani "News", habari. Madarasa ya chini kimo kwenye ratiba: mtoto anasimama, anaeleza alichokiona au kusikia. Wakipanda P4 kinaachwa kana kwamba kusimulia ni mchezo wa wadogo. Mimi nimekibakiza kwa namna nyingine. Nawasomea aya fupi mara moja, sirudii. Mmoja anaisimulia, akikwama anapokewa na wa benchi lake. Kwanza kwa lugha yoyote benchi linayoielewa, kisha kwa Kiingereza. Aya ya wiki iliyopita ilihusu mvuke na mvua. Kijana mmoja aliieleza yote kwa Kisamia, akaongeza birika la mama yake anayeuza chai stendi, jinsi matone yanavyoning'inia kwenye kifuniko. Birika halikuwamo kwenye aya! Alikuwa ameelewa. Kiingereza alichokitumia baadaye kilikuwa sentensi tatu, lakini zilikuwa zake.

Swali langu kwako: watoto mia watasimamaje wote Ijumaa?

Mzazi, Kampala
Mwanangu yuko P7. Wiki yake ni karatasi za mitihani iliyopita, Jumatatu hadi Jumamosi: Hesabu, Kiingereza, Sayansi, SST (Maarifa ya Jamii), kisha mwanzo tena. Anatoka nyumbani giza, anarudi giza. Nataka apate Daraja la Kwanza kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nisiseme uongo. Ila nikimwuliza "leo umejifunza nini?" ananitajia alama, si kitu alichojifunza. Nimeanza kumwomba anisimulie jambo moja tu wakati wa kula. Siku za kwanza alikasirika. Sasa ananieleza figo inavyochuja damu mpaka wali unapoa.

Mzee wa Masaka
Nilisoma seminari ndogo miaka ya sitini. Mensa, mensa, mensam, mensae, mensae, mensa: ni neno "meza" la Kilatini likibadilika mwisho. Bado iko. Padri wetu alikuwa hamwachi mtu atoke darasani mpaka aitumie kwenye sentensi aliyoitunga mwenyewe. Wenzangu wengi hawakuwa mapadri, wamekuwa mawakili na walimu, na wote wanaandika barua iliyonyooka. Endelea hivyo hivyo, mwalimu.

Bibi, Bombo
Wanangu, sisi Wanubi tulikariri Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, tukiwa hatujui maana ya neno hata moja, na sijutii. Wajukuu wangu wanaenda madrasa Jumamosi na Jumapili, wanasoma wakiyumba kama tulivyoyumba. Lakini wakirudi nawaketisha jikoni, kila mmoja ananieleza sura aliyoisoma inamwambia afanye nini. Wa miaka saba alinijibu kuhusu Al-Maun: "Bibi, tusimnyime jirani sufuria." Nikamwambia haya, mpelekee ile kubwa, tangu juzi anaihitaji.

Mwalimu wa Kiswahili, Koboko
Baraza la Mawaziri lilipoamua 2022 kwamba Kiswahili kiwe lazima shuleni, mimi nilifurahi, kisha nikaangalia kabati: vitabu hakuna. Basi nafundisha kwa mdomo. Jumatatu vitendawili, na hapo hawana shida, maana kila kabila lao lina vya kwao. Jumatano ubeti mmoja wa shairi, tunahesabu mizani kwa vidole, nane na nane, na kutafuta vina kwa sikio. Watoto wa Kikakwa wanasikia kina kilichovunjika kabla yangu. Wiki hii P5 wametunga ubeti wao wa kwanza kuhusu kisima cha shule, wameuandika kwa chaki mlangoni.

Mwalimu wa P3, Mukono
Bibi, hilo la sufuria nimewasomea watoto wangu leo. Mzee wa Masaka, Jumatatu nitawafundisha mensa na nitawaambia imetoka kwako.

Mwalimu wa Busia, kuhusu watoto mia: usiwasimamishe mbele. Wageuze wawili wawili, mmoja aseme, mwingine afuate kwenye daftari kwa kidole, kisha wabadilishane. Darasa litakuwa na kelele kama soko la Owino, vumilia. Wewe pita benchi moja moja, kila Ijumaa uwasikilize wa safu moja tu kwa sikio lako, na uweke alama pembeni ya jina ili wiki ijayo uanze na safu nyingine. Kabla ya muhula kwisha utakuwa umemsikia kila mtoto. Ukijaribu, rudi utuambie ilikwendaje, na ile aya ya mvuke naiomba pia.