Historia ya biashara ya magari ya familia: ihesabiwe kuanzia mwaka upi?

Mjukuu wa Tatu aliuliza:

Salaam, wanajamvi. Familia imenikabidhi kazi ya kuandika historia ya biashara yetu ya kuuza magari, iliyoanzishwa na babu na ambayo sasa imo mikononi mwa binamu zangu, nami nimekwama mwanzoni kabisa. Kibao cha mlangoni kinataja mwaka ambao babu alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, ilhali mkataba wa uwakala wa magari mapya, ambao nimeushika kwa mikono yangu, ulitiwa saini miaka kumi na minne baadaye. Wazee wanashikilia mwaka wa kibao, na mimi naona haya kuandika kwamba tuliuza magari wakati tulikuwa tukiziba pancha. Isitoshe, kuna leja za miaka ya kati ambamo kurasa nzima zimejaa plagi, breki na oili, na gari jipya linatokea mara moja moja tu. Je, duka la magari linaishije bila kuuza magari?

Mtunza Nyaraka alijibu:

Ndugu, usione haya, kwa maana hiyo ndiyo njia waliyopita wengi wa watangulizi wa biashara hii. William Morris wa Oxford alianza kwa kutengeneza baiskeli, akafungua gereji na kuuza magari ya watu wengine, kisha ndipo akatoa gari lake mwenyewe mwaka 1913. Ndugu wa Studebaker huko Marekani walianza na mikokoteni ya farasi mwaka 1852, na magari yao ya kwanza, yaliyotumia umeme, yakaja mwaka 1902. Gari lilipokuwa kitu kipya, aliyeweza kuliuza ni yule ambaye tayari alikuwa na spana, nafasi ya kuliweka na wateja waliomwamini. Kiwanda hakikuwa na mtaji wa kujenga duka kila mji, kwa hiyo kilitafuta mtu wa namna hiyo na kumpa eneo.

Kwa hiyo andika miaka yote miwili na useme wazi kila mmoja ni wa nini. Mwaka wa kibao ni wa biashara ya familia. Mwaka wa mkataba ni wa uwakala. Kosa ni kuandika wa kwanza kana kwamba ni wa pili.

Mhasibu Mstaafu alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, lakini kwangu swali la leja ndilo lenye uzito. Faida ya gari jipya moja huwa nyembamba kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi gari linalong'aa ukumbini si mali ya mwenye duka bali ni la mkopeshaji, na riba yake inahesabiwa kila siku linapokaa bila mnunuzi. Gereji ndiyo inayolipa mishahara. Mwezi Februari 1942 Marekani ilisimamisha utengenezaji wa magari ya kiraia ili viwanda viunde zana za vita. Mawakala waliovuka miaka ile walivuka kwa matengenezo, vipuri na magari yaliyokwisha kutumika. Kurasa zako za plagi na breki, basi, ndizo zilizolifikisha duka mikononi mwa binamu zako, na ningekuwa mimi ningezipa sura nzima.

Tafuta pia mkopo wa magari yaliyomo dukani. Kati ya mwishoni mwa 1920 na mwanzoni mwa 1921, mauzo yalipoanguka na madeni yakambana, Henry Ford aliwapelekea mawakala wake magari ambayo hawakuyaagiza, nao walitakiwa kulipa taslimu yanapofika. Aliyekataa alihatarisha uwakala wake, hivyo wengi walikimbilia benki, na mzigo wa kiwanda ukahamia mabegani mwao. General Motors ilikuwa imeanzisha kampuni yake ya mikopo mwaka 1919, kwa ajili ya mawakala na wanunuzi pia.

Mjukuu wa Tatu:

Ahsante, mzee wangu. Nimerudi kwenye leja na nimeona kwamba pembezoni mwa ukurasa mmoja kuna magari matatu yaliyozungushiwa penseli nyekundu, na kando ya kila moja idadi ya siku: 67, 88, 140. Nilidhani ni namba za stoo.

Binti wa Gereji alijibu:

Hizo siku 140, bila shaka kuna mtu alikosa usingizi. Nimekulia katika nyumba ya aina hiyo, na ningeongeza jambo ambalo picha za ukutani hazilisemi. Picha huonyesha babu, baba, mwana, kana kwamba duka lilirithiwa kama shamba. Uwakala haurithiwi hivyo: mkataba kwa kawaida humtaja mwendeshaji, na kiwanda hutaka kumkubali mrithi kwanza. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1956 iliyowaruhusu mawakala kukishtaki kiwanda kisichowatendea kwa nia njema, jambo linaloonyesha jinsi malalamiko yalivyokuwa mengi. Hata hivyo, mwaka 2009 Chrysler, ikiwa katika mufilisi, ilikatisha mikataba ya mawakala 789 kwa mkupuo.

Kwa hiyo linganisha tarehe za mikataba na tarehe za vifo na ndoa katika familia. Kisha tazama mwandiko wa leja. Kwetu, mwandiko wa miaka ishirini ulikuwa wa shangazi, ambaye hayumo katika picha hata moja.

Mjukuu wa Tatu:

Nimetazama. Penseli nyekundu ni ya bibi. Nimeutambua mwandiko wake kwa ile saba yake yenye mkato katikati. Sura ya kwanza nitaianzia hapo, na miaka yote miwili nitaiweka kama alivyoshauri Mtunza Nyaraka. Kuhusu kibao, ami amesema hakishuki.