Naomba ushauri: siku nne Unguja na mama, tunatokea Dodoma

Wakuu, mwezi wa nane nampeleka mama Unguja. Ana miaka 63, bahari kaiona kwenye televisheni tu. Amezoea ugali na mlenda wa kwetu Ugogoni.

Tutashuka na SGR hadi Dar, kisha boti. Shida ni kwamba hata basi la Kongwa humtapisha, anashika limao puani mpaka tufike. Kusi likivuma ataweza kweli, au nijikamue tupande ndege?

Pia, tulale Nungwi au Jambiani? Jambiani maji ya bahari yakitoka unayafuata mbali, ila ni kijiji, patulivu. Bafe za hotelini hatutaki. Anataka boko boko, pweza wa nazi na urojo wa nyumbani. Nani anajua mama anayepikia wageni huko?