Evander Kane na San Jose: kumbadilisha, kumshusha au kuvunja mkataba?

fimbo_ndefu: Wadau, ubishi wa wikiendi nauleta hapa. Turudi Novemba 2021. Kane ndiye aliyeongoza San Jose Sharks, timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, kwa magoli msimu uliotangulia, 22 katika mechi 56. Sasa NHL imemfungia mechi 21 kwa mambo ya kadi ya chanjo ya kughushi, na habari zinasema wenzake kikosini hawamtaki arudi. Analipwa wastani wa dola milioni 7 kwa msimu hadi 2025. Ukomo wa mishahara, yaani jumla ambayo timu hairuhusiwi kuizidi, ni milioni 81.5, umeganda kwa sababu ya korona. Ungekuwa meneja, ungefanyaje?

Mimi ningembadilisha, yaani kumpeleka timu nyingine, huku nikiendelea kubeba nusu ya mshahara wake. Anayemchukua anapata mfungaji kwa milioni 3.5.

Mzee wa Barafu: Mkuu, hiyo 3.5 inakaa kwenye vitabu vyako hadi 2025, na timu inaruhusiwa kubeba mikataba mitatu tu ya namna hiyo. Unalipa misimu minne mtu akufunge akiwa na jezi ya wengine?

dada_K: Ingizeni timu ya tatu. Nayo inabeba nusu ya kilichobaki, kwa hiyo anayempokea anahesabiwa milioni 1.75. Malipo ya huyo wa katikati ni chaguo la drafti, yaani zamu ya kuchagua mchezaji chipukizi.

Mzee wa Barafu: Dada, ujanja huo ulikuwa unafanyika Machi, mkataba ukiwa umebakiza wiki chache. Nani atakubali kubeba 1.75 hadi 2025 kwa chaguo la raundi ya tatu?

fimbo_ndefu: Basi ashushwe ligi ndogo.

Mzee wa Barafu: Walimshusha, akaenda Barracuda, timu ndogo ya Sharks kule AHL, ligi iliyo chini ya NHL. Sheria ilikuwa inakupunguzia milioni 1.125 tu, zile 5.875 zikabaki kwenye hesabu. Na kumlipa aondoke nako lazima usubiri msimu uishe: theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ikigawanywa kwa miaka mara mbili ya iliyobaki. Juni 2022 angekuwa amebakiza mitatu, kwa hiyo ungemhesabu kwa miaka sita!

Njia pekee iliyofuta zote ilikuwa kuvunja mkataba, na hiyo meneja hawezi kuamka tu akaichagua. Mchezaji lazima akupe sababu. Januari 2022 wakasema amekiuka masharti ya korona ya AHL, wakamwachia. Chama cha wachezaji kikapinga, shauri likaisha kwa makubaliano Septemba. Wangeshindwa, mzigo ungewarudia. Bado ningefanya hivyohivyo.

mtoto_wa_Edmonton: Sisi Edmonton tulimchukua mwezi huohuo bila kutoa mchezaji wala chaguo. Magoli 22 katika mechi 43, na 13 kwenye mchujo. Asanteni San Jose 😂

dada_K: Halafu mkampa miaka minne kwa milioni 5.125 kwa msimu, na Juni 2025 mkampeleka Vancouver kwa chaguo la raundi ya nne.

mtoto_wa_Edmonton: Bila kubaki na hata senti ya mshahara wake! Msimu wa kawaida wote alikuwa majeruhi, na sisi tulihitaji nafasi chini ya ukomo. Ukomo wenyewe ulikuwa unapanda hadi milioni 95.5, ndiyo maana Vancouver waliweza kumbeba mzimamzima.

fimbo_ndefu: Kwa hiyo 2021 ukomo ungekuwa unapanda, wazo langu la nusu lingepita?

Mzee wa Barafu: Lingepita. Ila ningekupa robo, si nusu.