Majalada ya wateja: seva ya ofisini au wingu?

Mwanzisha mada (wakili, Upanga, Dar es Salaam)

Mawakili wasomi, habari za kazi. Ofisini tuko mawakili wanne na makarani wawili, na seva yetu, kompyuta inayotunza majalada yote, imezeeka. Mwenzangu mkubwa anataka tununue mpya, tuiweke palepale kwenye kachumba ka nyuma. Hoja yake ni moja: siri ya mteja isitoke nje ya mlango wetu. Mimi nasema tuhamie kwenye wingu, yaani majalada yakae kwenye seva za kampuni tuyafikie kwa intaneti, tulipe kwa mwezi.

Siri naijali kama yeye anavyoijali. Lakini yametukuta. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, diski zikaungua usiku mmoja. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye diski iliyochomekwa kwenye mashine hiyohiyo, nayo ikaenda. Tulikuwa na notisi ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani, siku 30 zinakimbia, na nakala ya hukumu tukaenda kuiomba kwa mteja. Uso wa yule mzee alipotufungulia bahasha yake sijausahau. Tena ufunguo wa kale kachumba anao mlinzi, anao dada wa usafi, na fundi wa kompyuta huingia kila akiitwa. Siri gani hiyo tunayoilinda?

Mchangiaji (wakili, Kinondoni)

Pole sana, wakili msomi. Ila kilichowaponza ni kuweka nakala ya akiba mahali pamoja na asili yake. Seva haina kosa. Mimi sihami. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikasuasua. Oktoba 29, 2025 ikazimwa nchini kwa siku kadhaa. Mwenye majalada yote kwenye wingu la seva zilizoko Ulaya alisoma nini siku hizo?

Halafu iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023. Kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti, na likitokea la kutokea ni ofisi yako itakayoitwa kujieleza mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mwanzisha mada

Hapo umenishika, nakubali. Nilikuwa nawaza diski zilizoungua tu.

Basi narekebisha hoja. Wingu liwe la hapahapa. Kituo cha taifa cha data kipo Kijitonyama, na jalada la kutoka Upanga kwenda huko halina sababu ya kuvuka bahari. Majalada yafungwe kwa nywila kabla hayajatoka ofisini, nywila hiyo tubaki nayo sisi, washike mawakili wawili, maana ikipotea hakuna wa kutufungulia. Na kila wakili awe na nakala ya mashauri ya wiki mbili zijazo kwenye kompyuta yake ya mkononi, nayo imefungwa vilevile. Intaneti ikizimwa, atasoma na kuandaa hoja, ingawa kusajili nyaraka mahakamani kwa mtandao itabidi asubiri. Hata mwenye seva chumbani atasubiri pamoja naye.

Kinachoninyima usingizi sasa ni mkataba. Niliopewa nisome hausemi neno juu ya siku ya kuachana: tukichelewa kulipa, au tukitaka kuhama, majalada yanarudi kwetu kwa umbo gani, ndani ya siku ngapi, na nani anathibitisha kuwa kwao yamefutwa? Aliyewahi kuhamisha ofisi kutoka kampuni moja kwenda nyingine, naomba aseme kifungu hicho alikiandikaje.