Naombeni ushauri: nimeitwa ofisini Jumatatu kwa ajili ya ile video. Niende, au niache kazi kabla?

Binti wa Bombo:
Shikamooni wakubwa, na rika langu hamjambo. Sijalala siku tatu. Nina miaka 24, nafanya kazi kwenye kituo kimoja cha televisheni hapa Kampala. Nina uhusiano na mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, mtu anayejulikana sana. Juzi mtu katurekodi tukiwa ndani ya gari lake kwenye maegesho, akairusha TikTok. Nimetukanwa mpaka mama yangu katajwa. Jana kondakta wa teksi ya Bombo kaniangalia mara mbili, kisha akamwambia dereva kwa Kiluganda, "ni yule yule." Alidhani sielewi. Jumatatu saa tatu asubuhi nimeitwa na ofisi ya wafanyakazi. Niende, au niandike barua ya kuacha kazi mapema? Ni mapenzi ya watu wazima, hakuna aliyelazimishwa.

Askari Mstaafu, Gulu:
Ana mke?

Binti wa Bombo:
Walishatengana. Anasema hivyo.

Mama Pacha wa Jinja:
Mwanangu, "anasema hivyo" imezeesha wanawake wengi. Mimi nilikuwa kwenye kiwanda cha samaki, miaka ya nyuma. Msimamizi wetu alikuwa anagawa zamu za usiku. Ukimkubali, unapata zamu ya mchana na unarudi kulea watoto. Ukimkataa, unatoka saa nane usiku na kutembea gizani. Mwenzangu alimkubali. Mambo yalipojulikana, wake za watu walimzomea yeye sokoni, msimamizi akahamishwa tawi na kupandishwa cheo. Nikiona hiyo video yenu namkumbuka. Rudi kwa Mungu, mwanangu, na uache waume za watu.

Chui wa Kamwokya:
Kumbe ndiyo maana jamaa anatabasamu vile saa kumi na mbili asubuhi! Mimi nilidhani ni kahawa.

Msafiri wa Ziwani:
Mleta mada, jibu jambo moja. Huyo bwana ni nani kwako pale kazini?

Binti wa Bombo:
Mfanyakazi mwenzangu. Hilo si la muhimu, mimi nimeuliza kuhusu Jumatatu.

Msafiri wa Ziwani:
Ndilo la muhimu kuliko yote, dada. Nani anasaini mkataba wako?

Binti wa Bombo:
Sawa. Anasaini yeye. Ndiye mkuu wa kipindi pia. Nilikuja pale kama mwanafunzi wa mafunzo, nikiwa mwaka wa tatu chuoni. Kazi yangu ilikuwa kumbandika kinasa sauti kwenye kola na kusimama pembeni ya kamera nikimhesabia kwa vidole: tano, nne, tatu. Mbili na moja hazitamkwi, unaonyesha tu. Alikuwa hanitazami usoni, anatazama vidole vyangu, na mimi nilijiona mtu muhimu kuliko wote mle ndani. Tulianza kabla sijapata mkataba. Ni wa miezi mitatu mitatu, na kila ukikaribia kuisha alikuwa ananiambia nisijali.

Lakini msimfanye mnyama. Baba alipolazwa, yeye ndiye alilipa dawa. Na barua ya kuacha kazi ni wazo langu pia, amenisaidia kuiandika tu. Ameahidi kunilipia kodi ya nyumba miezi sita kule Kira mpaka kelele zipoe.

Mama Pacha wa Jinja:
Amekuandikia?!

Msafiri wa Ziwani:
Na yeye bado yuko hewani?

Binti wa Bombo:
Leo asubuhi alikuwepo kama kawaida. Watu wamemwandikia "mwanaume ni mwanaume, songa mbele kaka." Mimi nimetolewa kwenye kundi la WhatsApp la zamu tangu wiki iliyopita.

Jicho la Tai:
Wakuu, hii ni chai, tena ya rangi. Mwanzo video ni ya juzi, sasa katolewa kwenye zamu tangu wiki iliyopita. ID imefunguliwa leo. Mimi natumia TikTok kutwa nzima na sijaiona hiyo video. Mtu anatafuta mada ya redio ya Jumatatu, ninyi mnammwagia machozi.

Chui wa Kamwokya:
Aisee, hata mimi hizo siku zimenigonga.

Mama Pacha wa Jinja:
Nimeeleza habari za kiwandani ambazo hata binti zangu hawazijui. Kama ni uongo, sema sasa hivi.

Binti wa Bombo:
Siku nimebadilisha makusudi. Kira siyo Kira, na kwetu siyo Bombo. Naogopa, mama. Kila mtu pale ofisini anasoma huku. Kondakta ni kweli. Vidole ni kweli. Barua ni kweli, inasema sijawahi kuwa na uhusiano naye na kwamba tulikuwa tunafanya mazoezi ya tangazo la kipindi.

Msafiri wa Ziwani:
Mimi namwamini, na hata kama ni hadithi, kuna msichana mwingine anausoma uzi huu. Dada, usisaini. Phillip Schofield, mtangazaji wa kituo cha televisheni cha ITV kule Uingereza, aliondoka Mei 2023 kwa jambo la namna hii, uhusiano na kijana mdogo wa kazini. Mwaka 2020 kituo kilikuwa kimeshawauliza, wote wawili wakakana. Yalipofumuka, umma ulimwandama hata yule kijana aliyekuwa mdogo kwa kila kitu. Kukana hakukumlinda.

Askari Mstaafu, Gulu:
Binti, baada ya jeshi nilikaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya wilaya, haya malalamiko nimeyaona. Sheria ya Ajira ya 2006 inamgusa mwajiri au mwakilishi wake anayeomba mapenzi kwa ahadi ya upendeleo kazini au kwa kitisho juu ya ajira yako, hata akiomba kwa kuzunguka. Mwajiri mwenye watu zaidi ya 25 lazima awe na utaratibu wa kuzuia jambo hilo. Kanuni zake ni za 2012. Jumatatu nenda. Nenda na mtu. Uliza utaratibu huo uko wapi, kwa maandishi. Usipotendewa haki, kuna afisa wa kazi. Ukiacha kazi kwa hiari, umewarahisishia.

Binti wa Bombo:
Nikisema yote, yeye atapoteza kila kitu.

Askari Mstaafu, Gulu:
Na wewe umebakiwa na nini, binti yangu?

Jicho la Tai:
Mimi bado nina shaka. Ila kama ni kweli, usiifute ile meseji aliyokutumia barua.

Binti wa Bombo:
Nilishaifuta. Jana aliniomba niifute mbele yake.

Jicho la Tai:
Uliifungua kabla ya kuifuta? Ingia kwenye mafaili ya simu, sehemu ya nyaraka za WhatsApp. Mara nyingine faili hubaki hata meseji ikifutwa.

Mama Pacha wa Jinja:
Mwanangu, uko wapi? Umenyamaza. Jumatatu natoka Jinja na basi la alfajiri, nitakusubiri getini. Niambie tu ni geti gani, faraghani.

Binti wa Bombo:
Faili lipo. Limeshaandikwa jina langu lote na tarehe ya Jumatatu.